Kichwa kisichozikwa: juu ya nyimbo za giza za nchi ya Katanga

Ukitoka Lubumbashi na kuelekea kaskazini, mwendo wa kilomita 30 hivi, unafika Kinsevere. Siku hizi jina hilo linajulikana hata ng'ambo ya bahari kwa ajili ya mukuba wake. Kampuni ya Anvil ilianza kuuchimba, na tangu mwaka 2012 mgodi umo mikononi mwa kampuni ya MMG. Shimo lake ni pana sawa bonde, na usiku taa zake zinaangaza mawingu. Lakini sisi hatukufika huko mara ya kwanza kwa kutazama mukuba. Tuliitwa kwenye matanga.

Alikuwa amekufa kijana mmoja aliyekwenda kuvua samaki mbali, upande wa Luapula, wala maiti yake haikupatikana. Basi watu walikaa kuzunguka moto pasipo jeneza. Wale wanaojua matanga wanafahamu ugumu wa jambo hili: kilio hakijui kielekee wapi. Usiku ulipokuwa mwingi, bibi mmoja aliye mzee sana akaanza kuimba kwa sauti ndogo, na wengine wakamwitikia. Wimbo wake haukusema neno juu ya kijana yule. Ulisema juu ya mfalme wa zamani ambaye kichwa chake kilikatwa, kikatiwa ndani ya debe, kikabebwa na wapagazi katika safari isiyokwisha. Na kila usiku kichwa kile kiliomba maji, na mpagazi aliyekijibu hakuamka asubuhi.

Katekista wetu, mtu mwema na mwenye bidii, akasimama akamwambia: « Mama, hapa ni mahali pa Wakristu. » Bibi akanyamaza. Akatugeukia sisi kuona tutasema nini, nasi tukatikisa kichwa kumkubalia katekista. Tukashika Rozari. Mama wa marehemu alijibu Salamu Maria pamoja na wote, lakini tuliona kwamba macho yake yalibaki kwa yule bibi.

Mwaka uliofuata bibi naye akafa. Wimbo wake hatukuuandika, hata mstari mmoja. Haya tunayoyaandika sasa ni sawa kulipa deni kwa fedha iliyopungua: hatuwezi kurudisha wimbo, lakini tunaweza kutafuta ulitoka wapi, na juu ya nini mtu aliye karibu na kaburi aliona vema kuuimba usiku ule mbele ya mama asiye na maiti ya kuzika.

Tuanze mbali, kwa Waluba, kwa sababu kichwa cha kwanza ni chao.

Kila mfratri aliyezaliwa upande wa Kamina, wa Malemba-Nkulu ao wa Kabongo amesikia jina la Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, ambaye jina lake ndilo jina la upinde wa mvua. Masimulizi haya yaliandikwa na wengi: Padri Colle wa Mapadri Weupe katika kitabu chake juu ya Waluba cha mwaka 1913, Verhulpen mwaka 1936, mmisionari Mprotestanti Burton aliyeishi miaka mingi Mwanza, na baadaye Luc de Heusch akayachunguza yote pamoja katika kitabu cha mwaka 1972. Hawapatani katika kila neno, lakini mifupa ya hadithi ni ile ile. Mwindaji mgeni, Mbidi Kiluwe, anafika toka mashariki, mtu wa adabu, asiyekula mbele ya watu. Anawaoa dada za Nkongolo, na mmoja wao, Bulanda, anamzaa Kalala Ilunga. Mtoto anakua, anamshinda mjomba wake katika michezo. Siku moja mama wa Nkongolo anacheka kwa kuona mwana wake ameshindwa. Nkongolo anaagiza achimbiwe shimo na kuzikwa akiwa mzima. Kisha anamchimbia mpwa wake shimo jingine, anasimamisha mikuki chini, anatandika mkeka juu, na kumwita acheze ngoma hapo. Lakini mwaguzi Mijibu alikuwa amemwonya kijana. Kalala Ilunga anacheza, anakaribia, anapiga mkuki wake katika mkeka, mkuki unapita chini na kupotea. Naye anaruka juu ya watu, anakimbia, anavuka Lualaba.

Tunaomba msomaji asimame kidogo kwenye mkeka ule. Tumesoma hadithi nyingi za kutisha za Ulaya, zenye milango ya siri na ngazi zinazoshuka chini ya ngome, lakini sioni nyingi zenye nguvu ya mkeka huu mmoja uliotandikwa vizuri kwa ajili ya ngoma. Hakuna zimwi, wala uchawi. Kuna mjomba anayepiga makofi.

Mwisho unajulikana. Kalala anarudi na watu wa baba yake, Nkongolo anajificha mapangoni, asubuhi moja anatoka kuota jua, anakamatwa na kukatwa kichwa. Kiwiliwili kinazikwa chini ya maji ya mto. Kichwa kinatiwa katika kitunga. Na katika masimulizi mengine, wanapokitua njiani, mchwa wanakuja kukijengea, na kesho yake watu wanakuta kichuguu chekundu mahali pa kitunga.

Sasa, juu ya nini kitunga? Hapa desturi inaeleza wimbo. Waluba walikuwa wakitunza mabaki ya wafalme wao waliokufa ndani ya kitunga kitakatifu, na mfalme mpya alipata nguvu ya ufalme kwa hayo yaliyotangulia. Kichwa cha mfalme hakikuwa nyama iliyokufa, kilikuwa ufalme wenyewe. Mwenye kukishika anashika nchi. Kwa hiyo kukata kichwa ni kitisho kimoja, lakini kukichukua mbali ni kitisho kikubwa kuliko kile, maana waliobaki hawana tena pa kurithi. Wazee wanasema « kula ufalme », kwa lugha zetu nyingi: mfalme hakai tu juu ya kiti, anakula utawala. Tulishike neno hili « kula », tutalikuta tena.

Kichwa cha pili ni cha Mwami Msiri.

Huyu hakuwa Mluba. Mwenda Msiri alitoka Unyamwezi, katika nchi iitwayo leo Tanzania, alikuja na biashara ya mukuba na pembe, akashinda masultani, akajenga mji wake Bunkeya, kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Watu wake, Bayeke, walijua kuyeyusha mukuba. Ndio mafundi ambao Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto, aliandika habari zao mwaka 1926 akiwaita « walaji wa mukuba ». Tusimfanye Msiri mtakatifu. Wasafiri waliofika Bunkeya waliona mafuvu ya watu juu ya miti ya boma lake, na Basanga, waliokuwa chini yake, waliasi mwaka 1891 kwa kuchoka na mkono wake mzito. Mtu aliyepamba ua wake kwa vichwa vya wengine alipoteza chake mwenyewe. Mshairi wa Kigiriki angelipenda jambo hili. Wazee wa Basanga walilipenda pia, na hawakulia.

Msafara wa Kapiteni Stairs, Mwingereza mzaliwa wa Kanada aliyetumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II, ulifika Bunkeya tarehe 14 desemba 1891. Tarehe 20, Kapiteni Bodson, Mbeleji, alikwenda na askari kumkamata Mwami, akampiga risasi akafa. Na mmoja wa watu wa Mwami akampiga Bodson, naye akafa siku ile ile. Wale wa msafara walikata kichwa cha Msiri na kukiweka juu, watu wote waone kwamba kweli amekufa. Hii si hadithi ya bibi, imeandikwa na Wazungu waliokuwako.

Tangu hapo karatasi zinanyamaza, na wimbo unaanza. Bayeke wanasimulia kwamba kichwa hakikurudishwa, kwamba Wazungu walikitia katika debe la petroli na kuondoka nacho, na kwamba kila aliyekibeba alikufa. Tukipima neno hili kwa kalenda, tunakuta kwamba halikutungwa hewani. Baada ya kufa kwa Msiri msafara ulipigwa na njaa na homa, wapagazi wengi wakafa. Stairs mwenyewe alilala mgonjwa majuma mengi, akarudi kwa njia ya maziwa na mto Zambezi, akafa Chinde, karibu na bahari, tarehe 9 juni 1892, hata miezi sita haijapita tangu kifo cha Msiri. Msomaji wa vitabu atasema: malaria. Ni kweli. Lakini mtu wa Bunkeya aliyesikia habari hizi moja moja, mwaka hata mwaka, kutoka kwa wapagazi waliorudi, angeweza kuzipanga namna gani? Alizipanga kwa sura aliyokuwa nayo tayari: kichwa cha mfalme ndani ya kitunga, kikienda mbali na nchi yake, kikikataa kubebwa. Debe limechukua nafasi ya kitunga, basi. Bayeke waliishi kati ya watu waliojua hadithi ya Nkongolo, na hadithi hupita mipaka bila kulipa ushuru.

Mwami Antoine Munongo, mmoja wa warithi wa Msiri, alikusanya nyimbo za kihistoria na habari za Bayeke na kuzitoa katika chapa Lubumbashi mwaka 1967. Tunawashauri wafratri wanaotaka kujua kazi ya mwanahistoria waanzie kwake. Si kwamba kila neno lake ni kweli, maana alikuwa mtoto wa nyumba ile akiitetea nyumba ile. Lakini aliona kwamba wimbo ni hati, akautendea sawa hati.

Wengi walioelimika wanacheka habari ya debe. Nasi tulicheka zamani. Tuliposoma juu ya Lusinga, kicheko kilitutoka.

Lusinga alikuwa sultani wa Watabwa, juu ya milima ya Marungu, upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika. Naye hakuwa mwana-kondoo: aliishi kwa kushika watu na kuwauza. Mwaka 1883 Luteni Mbeleji Émile Storms alijenga kituo Mpala, kwenye ufuko wa ziwa, kwa jina la Shirika la Kimataifa la Afrika. Wawili hawa wakagombea nchi. Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa, wakakipeleka Mpala. Storms alipoitwa kurudi Ulaya mwaka 1885, aliondoka na fuvu lile, pamoja na mafuvu ya masultani wengine wawili na sanamu ya wahenga wa Lusinga. Mwaka 1886 daktari mmoja wa Bruxelles alilipima na kulieleza mbele ya chama cha wataalamu. Kisha lilikaa katika jumba la makumbusho la Tervuren, na mwaka 1964 likahamishwa katika Chuo cha Sayansi za Viumbe cha Bruxelles. Wabeleji wengi hawakujua. Mwamerika Allen Roberts aliandika kitabu juu ya Storms na Lusinga mwaka 2013, na mwaka 2018 magazeti ya Ubelgiji yakaleta habari hii kwa watu wote. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyokuwa katika bustani moja ya Bruxelles ikaondolewa.

Basi tazama. Mabibi wa Katanga wamekuwa wakiimba kwamba kichwa cha mfalme wetu kilichukuliwa na kupelekwa mbali, kimefungwa mahali huko, hakijazikwa. Wakubwa wakawaambia: hizo ni ndoto za matanga. Kumbe kichwa kilikuwako. Wimbo ulikosea jina, na ulikosea debe, lakini tendo lenyewe haukulikosea. Ulikuwa unatunza habari ambayo wenye kalamu walikuwa wameiweka ndani ya sanduku.

Hapo tuna jambo letu sisi wana-Eklezya, nalo ni chungu kidogo. Kituo cha Mpala, ambacho kichwa cha Lusinga kililetwa, kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie mwaka 1885. Ndani ya kuta zile zile imani yetu ilipandwa upande ule. Kutoka nchi ile ile ya Marungu alizaliwa Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepewa upadri mwaka 1917, na ambaye kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuandika juu ya fikra za Wabantu. Kaoze alizaliwa wakati ule ule wa mambo haya. Wazee waliomlea waliyaona. Mara nyingi tunasimulia mwanzo wa misioni kama kwamba nchi ilikuwa karatasi nyeupe. Haikuwa hivyo, kulikuwa na mtu aliyekosa kichwa chake.

Lakini tusidhani kwamba giza hili ni la Afrika peke yake. Watu wa Ulaya wanalo, na wamelifanya fasihi kubwa. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa *The Castle of Otranto*, hadithi ya ngome, unabii na mzimu, na nyuma yake vikafuata vitabu na mashairi yasiyo na hesabu. Ndugu Grimm walitoa hadithi zao za Ujerumani mwaka 1812. Humo mna mfupa wa ndugu aliyeuawa, ambao mchungaji anautengeneza zumari, na zumari lenyewe linaimba na kumtaja mwuaji. Mtoto yeyote wa kijijini kwetu angelisikia hilo na kusema: hii naijua, isipokuwa kwetu ni ndege anayeimba juu ya nyumba ya mwuaji.

Watu hufikiri kwamba mashairi ya namna ile yalikuwa starehe ya watu walioshiba, waliokaa karibu na moto na kupenda kutetemeka kidogo. Kwa sehemu ni kweli. Lakini mtazame Mjerumani Bürger na shairi lake *Lenore*, la mwaka 1773, ambalo wengi wanalihesabu kuwa mama wa mashairi yote ya mizimu ya wakati ule. Msichana anamngojea mchumba wake aliyekwenda vitani, katika pigano la Prague, lililokuwa mwaka 1757. Jeshi linarudi, yeye harudi, wala hakuna anayejua amelala wapi. Msichana anamlaumu Mungu. Usiku mpanda farasi anagonga mlango, anampandisha nyuma yake, na safari inaishia makaburini. Ukiondoa farasi na baridi, unabaki na matanga yetu ya Kinsevere: mtu amekufa mbali, maiti haipo, na aliyebaki hawezi kuacha kumngoja. Mzimu wa Bürger umetoka vitani, katika kaburi lisilojulikana.

Na tusisahau la nyumbani. Mapadri wazee wanakumbuka *Dies irae*, ambao kwa karne nyingi uliimbwa katika Misa ya wafu, na ambao wengi wanasema ulitungwa na Tomaso wa Celano, Mfransisko wa karne ya 13. Mna tarumbeta inayovuma makaburini, mna kitabu kinachofunguliwa, mna mtu anayetetemeka. Je, ni wimbo wa mwanga? Ni wimbo wa giza kabisa, na Eklezya iliuweka mbele ya jeneza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaka maziko yaonyeshe wazi zaidi Pasaka ya Kristu, na kwa sababu hiyo wimbo huu ukaondoka katika Misa za wafu wakati Misale mpya ya Paulo VI ilipotolewa; umebaki katika Sala ya Vipindi kwa wenye kuutaka. Sisi hatulaumu. Ila tunaona kwamba wakati ule ule tulipokuwa bado tunaimba kwa Kilatini juu ya majivu na hofu, tulikuwa tunawanyamazisha wamama walioimba yale yale kwa Kilamba na Kibemba na Kisanga. Zaburi pia zinashuka shimoni, na hatujasikia katekista aliyemwambia Daudi anyamaze. Na kila mwaka, tarehe 29 agosti, tunafanya sikukuu ya kichwa kilicholetwa juu ya sinia mbele ya Herode.

Turudi Katanga, maana giza letu halikuisha kwa masultani.

Wakati wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, mji wa Elisabethville ulijaa watu waliotolewa mbali: Kasai, Ruanda, Rhodesia. Hao wakasimuliana juu ya batumbula. Batumbula walikuwa watu waliotumwa na Wazungu kuwakamata wapita njia usiku. Aliyekamatwa alifungiwa, akanoneshwa, akageuka nguruwe, akaliwa. Jina latoka katika kutumbua, kupasua tumbo. Padri wa zamani aliposikia alicheka ao alikasirika, na mtu wa serikali aliandika ripoti. Lakini kumbuka neno tulilolishika, « kula ». Mfalme anakula nchi. Bayeke wanakula mukuba. Sasa amekuja mwingine, anakula mukuba wote, anakula nchi yote, naye anahitaji mikono ya watu kila siku, na wengine hawarudi. Watu walipanga neno kwa neno wakafika mwisho wake: basi anatula sisi. Rik Ceyssens, aliyechunguza habari hii katika makala ya mwaka 1975, aliiita hadithi ya wanaoonewa. Sisi tungesema: ni hesabu iliyofanywa na watu wasiopewa daftari.

Tena hesabu yao haikuwa ya bure. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mshahara, maana vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu. Tarehe 9, kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari walifyatua risasi juu ya wagomaji. Aliyekufa wa kwanza kutajwa daima ni Léonard Mpoyi, msemaji wao. Hesabu ya waliokufa wengine inabishaniwa hata leo. Katika mji ambapo watu wanauawa mchana na hesabu yao haijulikani, mtu akisema usiku kwamba kuna wanaokula watu, anayemcheka anapaswa kwanza kujibu: wale wa uwanjani walizikwa wapi, na majina yao ni nani?

Kuna wa mwisho, ambaye hatuwezi kumruka, maana alikufa karibu nasi. Usiku wa tarehe 17 januari 1961, porini nje ya Elisabethville, mahali paitwapo Shilatembo, waliuawa kwa risasi Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Baada ya siku chache maiti zilifukuliwa, zikakatwa, zikayeyushwa katika tindikali. Gérard Soete, polisi Mbeleji aliyefanya kazi ile, alikiri mwenyewe miaka mingi baadaye, na alikuwa ameweka jino la Lumumba nyumbani kwake. Mahakama ya Ubelgiji ililichukua mwaka 2016. Juni 2022 jino lile lilirudishwa kwa watoto wake, likatiwa katika jeneza la mtu mzima, likapitishwa Sankuru, Kisangani na Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 juni.

Jeneza zima kwa ajili ya jino moja! Wageni wengine walishangaa. Mtu wa Katanga hakushangaa. Tangu Nkongolo anajua kwamba sehemu ndogo ya mfalme ni mfalme mzima, na kwamba isipozikwa haitulii.

Washairi wa kalamu wamekuja baadaye kuchota katika kisima hiki. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alichora katika miaka 1973 na 1974 historia ya nchi yote kwa picha mia na zaidi, akiwaweka humo Msiri na Lumumba. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1981, alitoa mashairi yake *Le fleuve dans le ventre* mwaka 2013, na tumboni mwa mto wake mna wafu wengi. Wakosoaji wa Ulaya wanapenda kumlinganisha na washairi wao wa giza. Wamlinganishe, lakini kasala za matanga, ambazo Patrice Mufuta alizitoa katika kitabu cha mwaka 1969, zilikuwa zikimwuliza kifo maswali yale yale kabla hao hawajazaliwa, zikimtaja marehemu kwa majina ya baba na mababu zake mpaka aonekane amesimama.

Labda katekista atatuuliza: basi tuache kila kitu kiimbwe? Hatukusema hivyo. Kuna nyimbo za matanga zinazomtaja jirani kuwa mchawi, na kesho yake jirani anachomewa nyumba. Huo si ushairi, ni mashtaka bila hakimu, na hapo padri asimame, hata usiku wa manane. Wimbo wa bibi wa Kinsevere haukumshtaki mtu aliye hai. Ulimkalisha mama wa kijana karibu na wengine wote waliokosa maiti, tangu wafalme hata wapagazi. Eklezya iliyokubali mwaka 1988 Misa ya kadiri ya mapokeo ya Zaire, ambamo wahenga wenye moyo mnyofu wanaitwa pamoja na watakatifu, ilikuwa na nafasi ya kumsikiliza. Sisi ndio hatukuwa na nafasi. Tulikuwa na haraka ya kuanza Rozari.

Tumerudi Kinsevere mara mbili tangu hapo kutafuta maneno. Mjukuu wa bibi, mwanamke mwenye watoto wanne, alisumbuka sana kukumbuka, na hakuweza. Alijua tu kwamba pale kichwa kinapoomba maji bibi alikuwa anasimama kuimba, na watu wote walitakiwa kunyamaza, wasikohoe, mpaka mtu mmoja amwage maji kidogo chini. Ndipo waitikiaji waliendelea. Hilo tumeliandika. Tulipokuwa tukiondoka, mama wa kijana aliyepotea Luapula alitufuata mpaka barabarani, akatuuliza kama tumempata mwingine anayeujua wimbo ule, maana mwaka wa tatu wa matanga unakaribia. Tulimjibu kwamba tunasikia habari za mzee mmoja upande wa Bunkeya, na kwamba tutakwenda kabla ya mvua.